Cheti kwenye fremu, na kituo cha kumlaza mtoto mwenye ugonjwa wa akili: tunavyodanganyana

Juzi dada mmoja jirani yangu hapa Tabata kanitumia picha WhatsApp, cheti kiko kwenye fremu ya dhahabu, muhuri mwekundu, chini kaandika "hawa wana cheti cha ubora, nimpeleke?" Kijana wake ana miaka 16, wiki ya pili halali, anaongea peke yake, shule kaacha, na ukoo mzima ushatoa ushauri, kuna wa mganga Bagamoyo na kuna wa maombi ya kufunga siku tatu. Nikaikuza ile picha. Cheti cha mahudhurio jamani, semina ya siku mbili ya huduma ya kwanza, jina la mtu mmoja.

Sikumcheka. Mi ni nesi, nimekaa kwenye timu ya ubora ya hospitali miaka kadhaa, na nakuambia hata watu wa afya wenyewe haya mambo ya vyeti wanayachanganya, sembuse mama ambaye hajalala. Kwa hiyo nayaandika yale ninayoyasikia kila siku, na nitakavyojibu.

"Kama wana cheti basi serikali imewapitisha."

Hapana, hapa ndo watu wengi wanapotelea. Kuna leseni na kuna ithibati. Leseni ni ya lazima, bila hiyo hutakiwi hata kufungua geti. Kituo cha afya binafsi kisajiliwe Wizara ya Afya, daktari awe na leseni ya Baraza la Madaktari, nesi awe na ya baraza lake, na kama ni makao ya watoto kuna leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Soba hausi, zile nyumba za upataji nafuu kwa waraibu, zinaangaliwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kulazwa kwa ugonjwa wa akili kuna sheria yake, ya 2008.

Ithibati ni kitu kingine. Kituo chenyewe kinaita watu wa nje, kinawaambia njooni mnipime kwa vigezo vyenu, vilivyo juu ya kile kiwango cha chini cha sheria. Kwa hiyo kituo kinaweza kuwa na leseni bila ithibati, na hiyo si kosa. Ila mtu akikuonyesha cheti cha ubora halafu leseni anazungukazunguka, we beba begi lako uondoke. Na soba hausi hata iwe nzuri vipi, imetengenezwa kwa ajili ya uraibu. Mtoto anayesikia sauti na hajawahi kugusa hata sigara unampeleka kufanya nini pale? Dar hii naliona sana hilo, mtoto akibadilika tabia tu jibu la kwanza "atakuwa anavuta".

"Ithibati si ni ya hiari? Basi pambo tu."

Hiari yake ina kamba. Marekani wamefika mbali kwenye hili kuliko wengi, wana mashirika binafsi yanayopima vituo vya kulaza watoto na vijana: Joint Commission lililoanza 1951, CARF la 1966, na COA la 1977. Hakuna askari anayekuja kukukamata ukikosa cheti chao. Lakini kituo cha kulaza vijana chini ya miaka 21 kikitaka kulipwa na Medicaid, yaani bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, lazima kiwe na ithibati ya mojawapo ya hao au shirika lingine ambalo jimbo limelikubali. Halafu mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya Family First, ikasema pesa ya serikali kuu kwa watoto walio mikononi mwa ustawi wa jamii wanaowekwa kwenye vituo vya matibabu, ukiacha wiki mbili za mwanzo, itaenda kwa vituo vyenye ithibati. Sasa hiari gani hiyo mwenzangu, ni hiari kama ya dereva wa daladala kuingia stendi. Haingii, sawa, abiria atawapata wapi?

"Wakishapimwa wakafaulu mtoto yuko salama."

Hili ndo linaloniuma na ndo nitakaa nalo.

Sisi wa hospitali za Bongo tunaijua ile 5S, hatua tano za kupanga sehemu ya kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ikikaribia siku ya wageni utaona droo zimebandikwa lebo, mkasi una sehemu yake, sakafu unajiona sura. Wageni wakiondoka ijumaa, jumatatu mkasi uko kwenye mfuko wa mtu. Sisemi 5S mbaya, imetusaidia sana, nasema mpimaji anaona siku zile alizokuja. Na ithibati nyingi hukaa kama miaka mitatu. Miaka mitatu kwenye kituo cha vijana wafanyakazi wanaweza kubadilika karibu wote, yule mama mpole wa zamu ya usiku kaolewa kahamia Mwanza, kaja kijana aliyefundishwa siku moja.

Juni 2024 kamati ya fedha ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti ndefu kuhusu vituo vya aina hii, watoto kupigwa, kudhalilishwa kingono, kufungiwa, kupewa dawa ili wanyamaze, na vituo vya namna hiyo ndo hivyohivyo ambavyo kupata pesa za Medicaid vinatakiwa viwe na ithibati. Desemba mwaka huohuo ikasainiwa sheria mpya ya kuchunguza unyanyasaji kwenye hivi vituo, na Paris Hilton, yule wa mahoteli, ndo alikuwa mstari wa mbele kuipigania maana yeye mwenyewe alipelekwa huko akiwa binti mdogo. Wengine walimcheka mwanzoni, mtoto wa tajiri analia nini. Haya.

Sasa je cheti hakina kazi? Kina kazi, tena kubwa, ila uijue ni ipi. Mpimaji mzuri hakai ofisini kunywa soda na mkurugenzi, anachukua faili la mtoto mmoja na kulifuata: aliingia lini, nani alimpima hatari ya kujiua, dawa ilibadilishwa kwa nini, siku ile aliyoshikwa kwa nguvu nani aliamuru na saa ngapi. Kule Marekani wana kanuni ya serikali kwa vituo vya Medicaid, amri moja ya kumshika mtoto au kumfungia chumbani haizidi saa 4 kwa mwenye miaka 18 hadi 21, saa 2 kwa wa 9 hadi 17, saa 1 kwa wa chini ya miaka 9, mtaalamu amuone ana kwa ana ndani ya saa moja, mzazi aambiwe mapema iwezekanavyo, na mtoto akijaribu kujiua kituo kiripoti kabla siku ya kazi inayofuata haijafungwa. Kanuni imeandikwa, haya, nani anaangalia kama kwenye faili muda umeandikwa kweli au mtu kaujaza asubuhi kwa peni moja na mwandiko mmoja kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri? Mi nimeyaona mafaili ya hivyo. Ukiona wino hauyumbi usiku mzima jua hakuna aliyekuwa anaamka.

"Wamenunua hicho cheti."

Nusu ni kweli, kituo ndo kinalipa ada, mpimwa anamlipa mpimaji, na wanaolalamikia mgongano huu wana hoja. Lakini kulipa ada ya mtihani si kufaulu. CARF wakiridhika wanatoa miaka mitatu, wakiona mapungufu wanatoa mwaka mmoja, au wanakunyima kabisa. Kwa hiyo usiulize tu "mna ithibati?", uliza ya miaka mingapi, na inahusu huduma gani, maana hospitali inaweza kupimwa upande mmoja na wodi ya vijana ikawa haimo.

"Wapimaji ni watu wa kutafuta makosa."

Uingereza kuna mtandao unaitwa QNIC, uko chini ya chuo chao cha madaktari wa akili tangu 2001, unapima wodi za watoto na vijana. Wanaokwenda kupima ni wafanyakazi wa wodi nyingine kama hiyo, pamoja na kijana aliyewahi kulazwa au mzazi wake. Hapo ndo nilipowapenda. Daktari ataangalia itifaki, yule kijana atauliza simu mlinipokonya kwa nini, choo kinafungwa kwa ndani? Vigezo vyao wamevigawa, vya usalama, haki na utu lazima ufikishe asilimia 100, hivyo vingine wanakuvumilia kidogo.

"Kituo kikali ndo kinaponya, na akae mwaka mzima."

Jamani. Ukali si tiba, na kukaa muda mrefu si kipimo cha ubora. Ile sheria ya Marekani ya Family First inataka mtoto apimwe ndani ya siku 30 kama kweli anahitaji kukaa pale, na akitoka familia iendelee kusaidiwa angalau miezi 6. Sisi tunamtoa mtoto getini na mfuko wa rambo wa dawa, kwaheri.

"Hayo ya wazungu, Bongo hakuna."

Kupima ubora kupo. Wizara ilianza kutoa nyota 0 hadi 5 kwa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, na duru ya kwanza nyingi zilipata sifuri au moja, aibu ile ilisaidia. SafeCare wapo, nao wanapima ubora wa vituo vya afya kwa ngazi 5. Aga Khan pale Upanga waliwahi kupata ithibati ya JCI, tawi la kimataifa la ile Joint Commission. Lakini hizo zinapima kituo cha afya kwa ujumla, haziingii kwenye maisha ya mtoto anayelala miezi ndani ya geti. Hapo mzazi ndo unakuwa mkaguzi, utake usitake.

Dada nilimwandikia maswali matatu apige simu. Usiku wanalala wahudumu wangapi na watoto wangapi. Mara ya mwisho mtoto kufungiwa ilikuwa lini na imeandikwa wapi. Naweza kumuona mwanangu bila kutoa taarifa? Akaweka loud speaker nikiwa pembeni yake. La kwanza mtu wa upande wa pili akajibu "wapo wa kutosha". La pili kimya, kuku wa jirani ndo wanasikika. La tatu akasema, "Mama, wewe mlete kwanza mtoto, hayo tutaongea."

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri tulikuwa kituo cha daladala tunasubiri gari la Muhimbili, kijana kavaa sweta na joto lote hili, kashika daftari lake la shule.