Umri wa Dawa Hautoshi Kuwa Ushahidi

Mimi ni mfamasia, na kazi yangu hapa Nairobi ni kuchunguza dawa za asili, zikiwemo za Kichina. Mama mmoja wa makamo aliletwa kwangu na binti yake, mkononi ameshika pakiti ya vidonge vya rangi ya udongo alivyouziwa mjini kama mitishamba ya Kichina ya baridi yabisi. “Daktari, magoti yaliacha kuuma siku ya pili,” aliniambia kwa furaha. Furaha hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa sababu mizizi na magome hayana kawaida ya kutuliza viungo upesi kiasi hicho. Uso wake pia ulikuwa umejaa na kuviringa, ilhali mikono ilikuwa imekonda. Tulisaga kidonge kimoja, tukakichanganya na methanoli, kisha tukadondosha tone lake kwenye kibao cha krometografia, kinachotenganisha kemikali zilizochanganyika, kando ya tone la deksamethasoni halisi, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe na maumivu upesi. Chini ya taa ya urujuanimno, madoa mawili yalisimama kwenye kimo kimoja. Ulinganifu wa namna hiyo peke yake hautoshi kutoa hukumu, kwa hiyo tulirudia kipimo kwa mashine yenye uwezo zaidi, na jibu likawa lile lile: ndani ya mitishamba ile mlikuwa na steroidi.

Nilimsihi asiviache vidonge vile ghafla. Mtu akimeza steroidi kwa miezi, tezi zilizo juu ya figo hulegea katika kutengeneza homoni yake mwenyewe, na akikatiza siku moja anaweza kuzirai, hata kufa. Daktari wake alimpunguzia dozi polepole.

Binti aliniuliza swali ninaloulizwa karibu kila wiki: kama Wachina wamezitumia dawa hizi kwa maelfu ya miaka, je, si wangekwisha kujua kama zina madhara? Swali hilo lina uzito na silipuuzi. Matumizi ya vizazi vingi hufichua sumu ya haraka, kwa kuwa mgonjwa akinywa asubuhi na kutapika kabla ya adhuhuri, mganga atajua na atawaonya wanafunzi wake. Lakini madhara yanayojificha kwa miaka hayamrudii mganga, kwani figo zinapokufa, au saratani inapojitokeza, hakuna anayekumbuka kikombe kilichonywewa zamani.

Tukio la Ubelgiji linalieleza jambo hili vizuri kuliko lolote ninalolijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito katika kliniki moja ya Brussels walianza kuharibikiwa figo, na taarifa ya kwanza ya kitabibu ilichapishwa mwaka 1993. Walikusudiwa kupewa mmea uitwao Stephania tetrandra, ambao kwa Kichina huitwa fangji, lakini jina hilo hilo hubebwa pia na Aristolochia fangchi, na huo ndio ulioingia katika dawa zao. Una asidi ya aristoloki, ambayo huharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Walioathirika walizidi 100. Nasi tusijione tuko salama: watu wengi hapa huuchanganya mwarobaini na mti unaofanana nao, Melia azedarach, uliopandwa katika nyua nyingi za Nairobi, na ambao matunda yake yana sumu. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa mmea gani hasa umo ndani ya pakiti, kabla sijauliza kama unaponya.

Kuhusu kuponya, mfano ninaouheshimu ni wa Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa China. Alisoma maandishi ya Ge Hong, mganga wa China wa karne ya 4, yaliyoagiza mmea wa qinghao uloweshwe katika maji na kukamuliwa bila kuchemshwa, akatambua kwamba joto huenda ndilo linaloharibu kiini cha dawa. Mwaka 1971 alitumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na utafiti huo ukaleta artemisinini, chanzo cha dawa mseto za malaria tunazopewa katika zahanati zetu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Maandishi ya kale yalimwonyesha njia, lakini ushahidi ulitoka kwenye majaribio. Chai ya mmea huo ni jambo jingine kabisa, na Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono, kwa kuwa kiwango cha artemisinini hubadilika kutoka kikombe kimoja hadi kingine.

Tiba ya sindano ya Kichina (akupancha), ya kuchoma sindano nyembamba mwilini bila dawa, inanipa kazi ngumu zaidi. Katika jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2007, lenye wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo, waliopata nafuu kwa sindano halisi walikuwa asilimia 47.6, kwa sindano za kuigiza, zilizochomwa juu juu mahali pasipo pa tiba hiyo, asilimia 44.2, na kwa matibabu ya kawaida asilimia 27.4. Kwa maoni yangu, nafuu hiyo ni ya kweli, lakini mahali sindano inapochomwa hapaelekei kuwa na uzito unaodaiwa.

Ukienda kwa daktari au mfamasia, usimtajie jina la dawa tu; mpelekee pakiti yenyewe pamoja na vidonge vilivyobaki. Kama unameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, mwambie kabla hujagusa danshen, mmea wa dawa wa Kichina, kwa sababu zikichanganyika damu inaweza kukataa kuganda.