Ule mti wa Nakuru si kaktasi

Juzi muuza miche alinionyesha mche mnyoofu wa kijani, wenye mbavu na miiba, akaniambia, "Chukua hii kaktasi, haitaki maji mengi." Nikaubonyeza ubavuni kwa ukucha. Ukatoka utomvu mweupe kama maziwa. Haikuwa kaktasi.

Kaktasi ni jamii moja ya mimea, karibu yote asili yake ni bara la Amerika, nayo huhifadhi maji kwenye shina. Saguaro ya Arizona ni mojawapo, na huweza kukaa miaka 50 hadi 75 bila kutoa hata tawi moja. Mti wetu mrefu uliotanda matawi kama kinara cha mishumaa, ule uliojaa upande wa mashariki wa Ziwa Nakuru, ni yuforbia. Wamasai wanauita olpopongi, Wajaluo bondo. Majina yapo, na bado kila picha yake inaandikwa "kaktasi"!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jina yuforbia lilitolewa hapa hapa Afrika. Juba II, mfalme wa Mauretania kule kaskazini, yapata miaka 2000 iliyopita aliuita mmea mmoja kwa jina la tabibu wake, Euphorbus. Neno kaktasi ndilo lililohamishwa. Wagiriki wa kale waliita kaktos mmea wa miiba wa Sicily, unaoliwa, na mwanafalsafa wao Theophrastus aliuandika. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, akalichukua neno hilo akaipa mimea ya Amerika, ambayo Wagiriki hao hawakuwahi kuiona.

Ukitaka kuhakikisha, angalia miiba kwa karibu. Ya kaktasi huchomoza kwa mafungu kutoka kwenye kidoa chenye manyoya, mfano wa kifungo cha sufi. Ya yuforbia hii hukaa miwili miwili kwenye ukingo wa ubavu, na kidoa hicho hakipo. Kipande cha mmoja au mwingine kiache kivulini kidonda kikauke kabla hujakipanda, lakini ukikata yuforbia vaa glavu, maana utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kulipofusha.

Kwa hiyo ukipita Nakuru, uite yuforbia, na ukiwa na Mmasai sema olpopongi. Jina la kaktasi uupe mpungate, ule wa Laikipia uliovamia malisho. Huo kweli ulitoka Amerika.