"Hakuna aliyekukataza" si jibu

Juzi tena kwenye semina kaka mmoja kanyoosha mkono: "Lakini dada, kijiwe si cha wote? Hakuna mwanamke aliyekatazwa kukaa." Nimelisikia hili mpaka basi. Kweli, hakuna aliyekatazwa, na hapo ndo shughuli ilipo.

Natafiti mambo ya jinsia mitaani, na miezi sita nilikuwa nashinda kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni, Dar. Siku ya kwanza nafika, salamu, naketi. Benchi zima likasogea, watu wanne wakajibana upande mmoja wakaniachia nafasi ya kulala kabisa, na dakika moja nyuma yule wa katikati alikuwa katanua magoti kama yuko peke yake. Muuza kahawa akamwuliza jamaa wa pembeni yangu, "na huyu anakunywa?" Huyu! Nipo hapo hapo, mdomo ninao. Ubishi wa Simba na Yanga ukapoa, mzee mmoja akasema "jamani lugha, kuna mama hapa". Kutoa hela nilipe, ishalipwa.

Utaniambia si umeheshimiwa? Ndiyo, heshima ya mgeni. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mimi mwezi wa sita bado nakaribishwa tu, jembe sijaliona. Na mgeni habishi, haanzishi mada, haulizi kiwanja kile kimeuzwa bei gani, wakati vibarua, vyumba vya kupanga na maneno ya uchaguzi wa mtaa vyote vinapita pale kabla mjumbe hajavisikia.

Zanzibar, Mji Mkongwe, baraza za mawe zimejengewa ukutani mwa nyumba kabisa. Nenda Jaws Corner jioni, kahawa na dhumna, hesabu wanawake waliokaa, vidole vya mkono mmoja vitabaki.

Ukatili wa waziwazi kila mtu anauona. Nairobi Novemba 2014 wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo stendi, mwezi uliofuata Bunge la Kenya likaingiza kosa hilo kwenye sheria. Haya, benchi kusogea utalishtaki kwa kifungu gani?

Kingine kinaniudhi, eti wanaume wote pale ni mabosi. Wapi! Kuna kaka wa miaka kama 38, hajaoa, kazi hana, anaitwa "dogo" na ndo anatumwa sigara, anakaa ukingoni tako moja nje. Akapata kibarua bandarini, nikamkuta kaingia katikati, magoti kayatanua, anakatisha watu maneno. Wiki ya tatu kibarua kikaisha, karudi ukingoni mwenyewe, hakuna aliyemsogeza.

Ila nikiri. Mama ntilie wa ng'ambo ya barabara nilimwuliza mbona hakai kijiweni, akacheka, "nikae, wali atapika nani?" Hapo kijiwe ndo kinamkataa au masufuria? Kila nikijaribu kutenganisha vinarudiana. Na hayo mazungumzo niliyojaza madaftari mawili ni ya wanaume wenye mama benchini, yaani mimi, nikinyanyuka tu nasikia kicheko kimepanda nyuma yangu, na hicho sijawahi kukiandika.