Stima Safi, Moshi Jikoni: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Sera ya Kawi

Kila bei ya stima inapopanda au taa zinapozimika Nairobi, madai yale yale kuhusu kawi safi husikika tena katika matatu, vibandani na hata katika vikao vya Bunge. Baadhi yake yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanadumu. Yaliyo mabaya zaidi ni yale yanayotufanya tuilaumu sera kwa mambo ambayo imekwisha kuyatimiza na kuisamehe kwa yale ambayo imeyaacha nyuma.

Dhana: Kawi safi ni mpango wa baadaye, kwa sasa Kenya inaendeshwa na dizeli.

Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na hali hiyo haikuanza jana. Mabwawa ya Mto Tana yalijengwa moja baada ya jingine, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, na mtambo wa kwanza wa mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kazi mwaka 1981 ukiwa na megawati 15. Kilichobadilisha mwelekeo ni ukame wa 1999 na 2000, uliopunguza maji mabwawani na kulazimisha mgao wa umeme. Serikali ilitambua kwamba maji ni kawi safi lakini hutegemea mawingu, ikaanza kuutazama mvuke kama tegemeo na si nyongeza.

Ugumu wa mvuke ni kwamba kisima kimoja huchimbwa kilomita mbili au tatu kwenda chini, kwa gharama ya mamilioni ya dola, na huenda mwishowe kisitoe kitu. Mwekezaji wa kibinafsi huikimbia hatari hiyo, nazo benki humkimbia mwekezaji. Ndipo mwaka 2008 ikaundwa kampuni ya umma ya kustawisha jotoardhi, yaani kawi ya mvuke wa ardhini, GDC, ibebe gharama ya kutafuta na kuchimba, kisha iuze mvuke uliokwisha kupatikana kwa wenye mitambo. Menengai, juu ya mji wa Nakuru, ndiko utaratibu huo ulikojaribiwa. Kwa maoni yangu huu ni miongoni mwa maamuzi bora zaidi ya sera yaliyowahi kufanywa katika sekta hii. Hautajwi sana kwa sababu kisima hakipendezi pichani kama mapanga ya upepo yanavyopendeza.

Dhana: Bili ni kubwa kwa sababu ya kawi safi. (Na pacha wake: kwa kuwa stima ni safi, bili ingepaswa kuwa ndogo.)

Madai yote mawili yanachanganya chanzo cha umeme na mkataba wa kuununua. Anayenunua tokeni mtaani Kayole huona kwenye simu kwamba sehemu ya pesa zake imekwenda kwa tozo nyingine. Ndani ya tozo hizo mna gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, tozo ya umeme wa vijijini, ya mdhibiti wa kawi, ya maji, na kodi ya VAT ya asilimia 16. Kila moja hupanda kwa sababu yake. Gharama ya mafuta hupanda mvua inapokosekana kwenye vyanzo vya Tana, kwa kuwa mitambo ya mafuta ya Mombasa na kwingineko hulazimika kuziba pengo. Kwa hiyo hapa ni upungufu wa kawi safi unaoongeza bili, wala si wingi wake. Marekebisho ya fedha za kigeni nayo hupanda shilingi inapodhoofika, kwa sababu mikataba na mikopo mingi ya sekta hii imeandikwa kwa dola au euro. Shilingi ilipofika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, mnunuzi wa tokeni aliubeba mzigo huo bila kujali kama umeme wake ulitoka Olkaria au kwenye tangi la dizeli.

Mfano unaofundisha zaidi ni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit. Mitambo yake 365, yenye jumla ya megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kuusafirisha umeme hadi kituo cha Suswa, katika kaunti ya Narok, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, iliyokuwa jukumu la serikali, haikukamilika hadi mwaka 2018, baada ya mkandarasi wa kwanza kufilisika. Mkataba uliutaka upande wa umma ulipie umeme ambao ungezalishwa iwapo laini ingekuwepo, na gharama hiyo hatimaye ikawafikia wateja. Upepo ulivuma kama ulivyotabiriwa, lakini nyaya zilichelewa. Ongeza hapo kwamba zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaonunuliwa na msambazaji hupotea njiani, kwa nyaya chakavu na kwa wizi, na anayelipa kwa uaminifu hubeba sehemu ya hasara hiyo.

Kuna upotevu mwingine ambao raia wengi hawaujui. Usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka, sehemu ya mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote, kwa kuwa hakuna wa kuutumia umeme huo. Mwaka 2023 mdhibiti, EPRA, aliweka bei maalumu ya kuchaji magari, mabasi na pikipiki za umeme, na katika saa za mahitaji madogo bei hiyo ni nusu ya ile ya saa nyingine. Wapo walioiona hatua hiyo kama upendeleo kwa wenye magari mapya. Kwa hakika inamsaidia zaidi mwendeshaji wa bodaboda ambaye betri yake huchajiwa usiku kwa mvuke ambao vinginevyo ungepotea, na ambaye haathiriki tena kila bei ya petroli inapotangazwa tarehe 14 ya mwezi.

Dhana: Umeme hukatika kwa sababu upepo na jua havitegemeki.

Nguzo ya gridi ya Kenya ni jotoardhi, ambayo hufanya kazi mchana na usiku, masika na kiangazi. Kukatika kwa stima mtaani mara nyingi husababishwa na transfoma iliyozidiwa au nguzo iliyoanguka. Gridi nzima ilipozima tarehe 25 Agosti 2023, kilichodhihirika ni udhaifu wa mfumo wa kusafirisha umeme wenye njia mbadala chache. Upepo unahitaji akiba ya kuusaidia, hilo ni kweli, na akiba hiyo hupatikana kwa betri, kwa mabwawa na kwa majirani.

Dhana: Kununua umeme Ethiopia ni kujifunga kwa jirani wakati tuna wetu.

Dai hili linastahili kujibiwa kwa upole kwa sababu msukumo wake ni uzalendo. Lakini Kenya imenunua umeme kwa jirani tangu miaka ya 1950, ulipokuwa ukitoka Uganda, kwenye bwawa la Owen Falls mjini Jinja. Kilichobadilika ni ukubwa. Mnamo Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia kwa mkataba wa miaka 25, kupitia laini ya kilomita 1,045 inayoanzia Wolayta Sodo na kuishia Suswa, yenye uwezo wa kubeba hadi megawati 2,000. Mwishoni mwa 2024 laini ya Isinya hadi Singida ikaunganisha gridi yetu na ya Tanzania.

Sababu ya kufanya hivyo imo katika majira. Mvua kubwa za nyanda za juu za Ethiopia hunyesha kati ya Juni na Septemba, ilhali vyanzo vya Tana hutegemea masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mito ya pande hizi mbili haipungui wakati mmoja, na nchi zilizounganishwa zinaweza kuazimana maji bila kuyahamisha. Rwanda, Burundi na Tanzania zimekwenda mbali zaidi: zilijenga kwa pamoja mtambo wa megawati 80 kwenye maporomoko ya Rusumo na kugawana umeme wake sawasawa, jambo ambalo kila moja isingelifanya peke yake kwa urahisi. Huu ndio ustawi wa kikanda wenye kaboni kidogo tunaousikia katika hotuba, na misingi yake iliwekwa mapema, kwa kuundwa kwa umoja wa gridi za Afrika Mashariki wenye makao yake Addis Ababa mwaka 2005. Viongozi walipokutana hapa Nairobi Septemba 2023 na kutaka uwezo wa kawi jadidifu barani ufikishwe angalau gigawati 300 ifikapo 2030, kutoka 56 mwaka 2022, walizungumzia lengo ambalo gridi zilizojitenga haziwezi kulifikia.

Wasiwasi uliopo ni wa aina nyingine. Umeme huo hulipiwa kwa fedha za kigeni, na laini moja inayobeba sehemu kubwa ya mahitaji ya nchi ikikatika ghafla inaweza kuitikisa gridi yote. Hayo yanahitaji akiba ya kutosha na mikataba inayosomwa na Bunge kabla ya kutiwa saini.

Dhana: Kenya inachafua kidogo mno, hivyo sera ya kaboni ni shinikizo la wafadhili.

Ni kweli kwamba mchango wetu katika uchafuzi wa dunia ni mdogo sana. Lakini wengi hudhani kwamba ahadi ya Kenya ya kupunguza hewa chafu kwa asilimia 32 ifikapo 2030, iliyotangazwa Desemba 2020, inatutaka tutoe hewa chafu kidogo kuliko leo na hivyo kudumaza viwanda. Sivyo. Hesabu hiyo hupimwa dhidi ya kiwango ambacho tungekifikia bila hatua zozote, yaani tani milioni 143 kwa mwaka, kwa hiyo inaacha nafasi ya kukua. Isitoshe, sehemu kubwa ya uchafuzi wetu hutoka kwenye mifugo na ufyekaji wa misitu, ambako mitambo mipya ya umeme haileti nafuu kubwa.

Palipo na haki ya kulalamika ni kwenye ardhi. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za eneo la mradi wa upepo wa Turkana hazikutolewa kwa kufuata sheria, baada ya wenyeji wa Marsabit kudai kwamba hawakushirikishwa. Mradi unaweza kuwa safi angani na usiwe safi kwa waliokuwa wakichunga mifugo pale. Ndiyo maana naithamini sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilivyorekebishwa mwaka 2023: mradi wa kaboni (ule unaouza hati za hewa chafu iliyopunguzwa) unaotumia ardhi ya jamii unatakiwa kuipa jamii hiyo angalau asilimia 40 ya mapato baada ya kutoa gharama, na usiotumia ardhi, asilimia 25. Kilichobaki ni vitabu vya hesabu vinavyofunguliwa mbele ya wanakijiji.

Dhana: Kawi safi ni stima.

Hapa ndipo sera yetu inapochechemea, na ndipo ninapoona uchungu zaidi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban nusu ya nyumba za Kenya hutumia umeme wa gridi kwa taa. Nyumba zilizotegemea umeme kupikia zilikuwa asilimia 0.9. Zaidi ya nusu zilipikia kuni, na zaidi ya moja katika kumi makaa. Moshi huo huvutwa na mama na mtoto aliye mgongoni, na misitu inayokatwa kwa ajili yake ndiyo inayolinda mito ya mabwawa tuliyoyataja.

Serikali imekuwa ikivuta kamba huku na huku. Mwaka 2018 ukataji miti katika misitu ya umma ulisimamishwa, kaunti ya Kitui ikapiga marufuku biashara ya makaa, na tozo ya shilingi 18 kwa lita ikawekwa kwenye mafuta ya taa. Kufikia hapo familia za Mathare na Kibera zilikuwa zikisukumwa kuelekea gesi. Lakini Julai 2021 gesi hiyo hiyo ikatozwa VAT ya asilimia 16, ambayo ilipunguzwa baadaye na kuondolewa mwaka 2023. Anayejaza mtungi wa kilo 6 kwa pesa za kibarua hawezi kupanga maisha yake kwa kodi inayobadilika hivyo. Na wanaosema gesi haistahili kuitwa safi kwa sababu ni mafuta ya kisukuku wana hoja kuhusu hewa ya dunia, lakini ndani ya chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, tofauti kati ya gesi na makaa ni afya ya watu.

Jiko la umeme lingekuwa jibu bora zaidi, kwa kuwa stima yenyewe imekwisha kuwa safi. Kikwazo kimoja kimo katika muundo wa bei. Mteja wa nyumbani anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hupata bei nafuu zaidi. Akizidisha, huhamishiwa daraja la juu, ambalo bei yake huhesabiwa kwa uniti zake zote, na akipita 100 hupanda tena. Familia iliyokuwa na taa, redio na chaji ya simu ikianza kuchemshia maharagwe kwenye sufuria ya umeme hupoteza nafuu iliyowekwa kwa ajili yake. Mkakati wa taifa wa mapishi safi unataka kila nyumba ifikiwe kabla ya 2028 kwisha. Mdhibiti aliyeweza kuitengea bodaboda bei yake anaweza kuitengea sufuria pia, kwa kutohesabu uniti za kupikia anapompanga mteja kwenye daraja, na hatua hiyo ningeitanguliza hata mbele ya mtambo mwingine mpya.