Kuhamia shamba ukilea peke yako: pima eneo kwa saa, si kwa kodi

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wanaotaka kutoka mitaa ya Mombasa kama Kisauni, Likoni au Mikindani waende shamba ni hili: wapi kodi ni nafuu? Huwaomba waliweke kando kwanza. Nyumba yenye watu wazima wawili ina zamu. Mmoja akienda maji, mwenziwe anachemsha uji. Mmoja akimkimbiza mtoto hospitali usiku, mwenziwe anabaki na waliolala. Anayelea peke yake hana zamu. Kila mwendo ni wake, kwenda na kurudi. Ndiyo maana eneo linalomfaa jirani mwenye mke na shemeji wawili laweza kukushinda wewe kabla ya mwezi wa pili kwisha, na si kwa uvivu wala woga. Ni saa za mchana tu hazitoshi.

Basi chukua karatasi. Andika siku nzima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku: hizo ni saa 16. Toa muda wa maji, wa kuni au makaa, wa kupika na kufua, wa kumfikisha mdogo shuleni na kumchukua, wa duka. Kinachobaki ndicho cha kutafutia riziki. Kwa maoni yangu zikibaki chini ya saa 6, eneo hilo si lako hata nyumba ikiwa ya bure. Angalia pia pande: maji, shule na zahanati vikiwa njia moja, mwendo mmoja unamaliza mambo mawili. Vikiwa pande tatu, kila kimoja kinakula saa zake.

Maji ndiyo yanayokula saa nyingi kuliko yote

Hesabu lita 20 kwa kila mtu kwa siku, na hapo hujafua nguo nyingi. Wewe na watoto wawili mnataka lita 60, yaani mitungi mitatu, na kila mtungi una uzito wa kilo 20. Kisima kikiwa dakika 15 kwa miguu, na foleni ya dakika 10, mtungi mmoja kichwani ni dakika 40. Mitungi mitatu ni saa 2, kila siku, Jumapili ikiwemo. Wilbaro hubeba mitatu kwa mara moja, lakini kwenye njia ya mchanga tairi huzama, kwa hivyo itazame njia yenyewe kabla ya kuitegemea. Ukimlipa mwenye mkokoteni au boda akuletee, zidisha bei ya mtungi mmoja kwa 90, yaani mitatu kwa siku 30, uongeze kidogo maana mtungi wa nne hauepukiki siku nyingine, halafu ulinganishe na kodi uliyodhani umeokoa.

Kisha maji yenyewe. Sehemu kubwa ya bara ya Kwale na Kilifi, kuanzia Kinango na Samburu hadi Mariakani na Bamba, visima vingi ni vya maji ya chumvi, kwa sababu miamba ya huko chini ina chumvi. Kuonja peke yake hakutoshi, kwani kwenye joto la saa saba kila maji ni matamu. Beba kipande cha sabuni ya kufulia na kitambaa. Sugua. Sabuni ikigeuka utando mweupe unaonata badala ya kutoa povu, maji ni magumu: utanunua sabuni mara mbili, na maharagwe yatachelewa kuiva, ambayo ni makaa zaidi. Mwombe mwenyeji akuchemshie chai ya maziwa kwa maji ya pale. Maziwa yakikatika, umeona. Ukanda wa pwani, Waa na Tiwi kwa mfano, visima vifupi hutoa maji yasiyo na chumvi nyingi, lakini mwamba wa matumbawe una matundu na uchafu wa choo husafiri upesi. Choo cha shimo kisikae karibu na kisima kuliko mita 30, na maji ya kunywa uyachemshe au uyatie dawa.

Paa la mabati ni kisima chako cha pili. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 5 ina mita za mraba 40, kwa hivyo mvua ya milimita 100 ni lita 4,000. Toa asilimia 20 ya kumwagika, zinabaki 3,200. Iache mvua ya kwanza ya msimu ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kabla ya kuelekeza mfereji kwenye tangi. Tangi la lita 5,000 kwa lita 60 kwa siku hukaa siku 83, ilhali kiangazi kati ya vuli na masika kwa kawaida huzidi siku 90. Hata tangi lililojaa, basi, litakuacha na wiki moja au mbili za kuteka, na vuli ikikosa zitakuwa miezi. Nyumba ya makuti watu wa mjini huipenda kwa ubaridi wake, lakini haikingi maji ya kunywa, na makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache.

Mwenyeji usimuulize kama maji yapo. Atakwambia yapo. Muulize mlikunywa wapi mwaka 2022. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na Ganze na Kinango waliumia sana. Akikutajia mahali, nenda ukapaone kwa miguu.

Saa nane usiku

Jaribio langu la pili ni homa. Saa nane usiku, mtoto mmoja anachemka mwili, mwingine amelala. Nani anabaki na aliyelala, nani anaendesha, na mnakwenda wapi? Kama huna majina matatu ya kujibu maswali hayo matatu, hujawa tayari kuhama, kwani pwani yetu ni ya malaria na homa ya mtoto mdogo haingoji kupambazuke.

Zahanati, ambazo ni ngazi ya 2, mara nyingi hufungwa jioni na siku za mapumziko. Jengo jipya lenye bendera lisikutulize. Uliza kama muuguzi analala pale pale uwanjani. Kisha tafuta hospitali inayofanya kazi usiku: Msambweni, Kinango na Kwale upande wa kusini, Mariakani upande wa barabara kuu, na upande wa Taita, Wesu kwa watu wa Wundanyi na Moi kwa watu wa Voi. Mahali penye moma na swila, uliza pia ni hospitali gani ina dawa ya sumu ya nyoka sasa hivi, si mwaka jana. Watoto wote wawe wameandikwa chini yako kwenye SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hujahama, na kijitabu cha chanjo kikae mkobani, si kwenye sanduku la vyombo.

Namba za boda chukua mbili, na moja ya mwenye gari. Wapigie saa nne usiku siku ya kawaida uone nani anashika simu. Mtandao nao ujaribu ukiwa ndani ya chumba cha kulala, mlango umefungwa, si nje chini ya mwembe.

Mgumu zaidi kumpata ni huyu: mtu mzima wa kubaki na mtoto aliyelala, asiyezidi mwendo wa dakika tano. Watu wengi husema shamba watu husaidiana, na ni kweli, ila msaada huo una mlango wake. Hufunguliwa kwa kufika. Fika kwa mzee wa kijiji siku ya kwanza, kisha kwa chifu, ujitambulishe na useme watoto wangapi, wanasoma wapi. Fika matangani hata kama hukumjua marehemu. Toa mchango wa arusi ulio ndani ya uwezo wako. Miezi mitatu ya namna hiyo humfanya mama wa nyumba ya pili akwambie, "Mwanangu, mlete huyu alale hapa." Kabla ya hapo, mlipe mtu kwa wazi na kwa bei mliyokubaliana. Mzazi mgeni asiye na mwenzi, mwanamke au mwanamume, huzungumzwa kwanza na kusaidiwa baadaye. Ukipeleka barua ya utambulisho kutoka msikiti au kanisa lako la mjini, maneno hupungua haraka.

Kwa sababu hiyo huwa nashauri kuanza pembezoni mwa senta, si ndani kabisa. Uliza wapi wanapanga walimu na wauguzi wa serikali. Wao pia ni wageni, wengi wanaishi bila familia zao, na wamekwisha tafuta nyumba yenye maji, stima na njia ya kupitika.

Eneo gani, basi?

Kama riziki yako bado iko Mombasa, nitakuelekeza Waa, Tiwi au mji wa Kwale, ama Mariakani na Kaloleni. Barabara ya Dongo Kundu imepunguza utegemezi wa feri ya Likoni kwa wenye magari, lakini uliza matatu za alfajiri zinapita njia gani, maana foleni moja ya feri humwacha mtoto lango la shule jioni peke yake. Kama unafanya kazi kwa intaneti au unataka kulima, Shimba Hills ina mvua zaidi, na Wundanyi na Mwatate zina mboga na hewa ya ubaridi, ila miteremko ya Wundanyi inachosha miguu midogo. Vijiji vinavyopakana na hifadhi, Shimba Hills, Sagalla, pembezoni mwa Voi, vina ndovu. Simama njiani saa kumi na mbili kasorobo asubuhi uone kama watoto wanatembea kwa makundi na wanapita wapi. Kinango ndani na Ganze sikushauri uende bila jamaa wa damu huko.

Usitegemee kilimo kulisha nyumba mwaka wa kwanza. Mahindi ni miezi mitatu hadi minne mvua ikikubali, mkorosho ni miaka mitatu hivi, mnazi mrefu wetu ni sita au saba. Akiba ya matumizi ya miezi sita ndiyo ninayoitaka uwe nayo.

Ardhi usinunue kabla ya kupanga na kukaa masika mazima. Ukifika hapo: fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, mpeleke mpimaji aonyeshe vigingi, na ardhi ya kilimo iombewe idhini ya bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, la sivyo makubaliano ni batili. Ushuru wa stempu nje ya miji ni asilimia 2. Na hapa kwetu pwani, mwenye minazi si lazima awe mwenye ardhi. Iandikeni miti kwa idadi kwenye mkataba, na makaburi pia.

Shule: hama Desemba, mwanafunzi akiwa na UPI, yaani namba yake ya utambulisho wa shule, na shule ya zamani ikiwa imemwachilia kwenye mfumo. Mtoto wa gredi ya 6 au ya 9 aliyekwisha sajiliwa kwa mtihani usimtoe katikati ya mwaka, kwani usajili umefungwa na kituo kile.

Mzazi wa pili aliyebaki mjini bado ana wajibu. Katiba, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa, wameoana au la. Kama kuna amri ya mahakama juu ya malezi, usihamishe mtoto kinyume chake. Kama hakuna, wekeni makubaliano ya matunzo na siku za kumwona mtoto kwa maandishi mbele ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo kabla hujafunga mizigo, maana ukishafika Taita, kumfuata mtu Changamwe kwa nauli yako ni gharama nyingine. Namba ya dharura ya watoto ni 116, na huduma yake ni ya bure.

Karatasi ya mwisho wengi huiruka. Sheria inakuruhusu kumtaja kwa wasia mlezi wa watoto wako ukifariki. Mtaje, mwambie, na uandike pia nani awachukue kwa siku chache ukilazwa tu. Nakala moja ikae kwa mtu huyo, moja kwa ndugu yako mjini, na moja kwa yule jirani wa dakika tano, pamoja na funguo ya pili ya nyumba.