Hilo Gego Halina Mrithi

"Si litang'oka tu, dokta? La utoto hilo."

Safari hii ni baba aliyemleta binti wa miaka saba na nusu, gego la chini kushoto limebaki kuta. Nikamwambia ni jino la ukubwani. Akaguna, akauliza kama naweza kumpa dawa ya maumivu kwanza.

Basi nahesabu hapa hadharani, na kuanzia leo atakayeuliza namtumia ukurasa huu. Anzia katikati ya mdomo: jino la kati, la pembeni, chonge, magego mawili. Matano. Mtoto ana matano hivyo kila upande, juu na chini, jumla 20. Ukikuta la sita nyuma yao, hilo ni la kudumu. Huota karibu na miaka sita, nyuma kabisa, bila kumtoa mwenzake. Ndiyo maana linawapita wazazi: hakuna jino lililolegea, hakuna la kurusha juu ya paa. Na chini yake hakuna jingine linalosubiri.

Kuoza, linaoza haraka. Enameli yake, yaani gamba gumu la nje, bado changa, mifereji ya uso wake wa kutafunia ina kina, na kwa miezi mingi linakaa chini ya usawa wa mengine, kwa hiyo mswaki unaliruka. Biskuti haziliruki. Kuziba ile mifereji mapema, kabla ya tundu, ni kazi ya dakika chache isiyohitaji ganzi, na karibu hakuna anayeiomba.

Mengine huota tayari na kasoro: mabaka meupe, ya krimu au ya kahawia yenye mpaka unaoonekana wazi, na jino linamomonyoka mtoto akitafuna ugali. Sisi tunaiita MIH. Enameli ya gego hili hutengenezwa tangu karibu na kuzaliwa hadi miaka ya mwanzo, na kitu fulani huivuruga kipindi hicho. Homa na magonjwa ya utotoni yanashukiwa, lakini chanzo kamili hakijulikani, kwa hiyo mama usijilaumu kwa ulichokula. Wengi huichanganya na madoa ya floraidi tunayoyaona sana Arusha na Kilimanjaro. Floraidi hutia rangi meno mengi kwa ulinganifu, kushoto kama kulia. MIH huchagua: gego moja limeharibika, jirani yake zima. Hata hivyo mtoto aliyekulia Meru anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo kitabu kinakuwa na uhakika kuliko mimi. Hayo meno yenye MIH yana tabia nyingine mbaya: ganzi huyakataa. Mtoto akikuambia bado anasikia maumivu, mwamini.

Sasa tundu limefika ndani. Hapa ndipo ninapogombana na watu wa pande mbili. Wa kwanza husema ng'oa, yaishe. Mtoto wa miaka saba mizizi ya jino hilo haijafunga. Inahitaji kama miaka mitatu tangu jino liote, na kinachoijenga ni kile kiini hai, nyama laini ya ndani ya jino yenye mishipa, mnachotaka nikitupe. Kwa hiyo mara nyingi nakata sehemu iliyooza ya kiini, naweka pamba yenye unyevu, nasubiri. Damu ikikata ndani ya dakika chache, kilichobaki kinaelekea kuwa kizima. Nakifunika kwa MTA, simenti ya meno, na baadaye navisha jino kofia ya chuma. Damu ikiendelea kububujika, au hakuna damu kabisa, habari ni nyingine. Nakiri kipimo chenyewe ni cha kukadiria. Kumuuliza mtoto hakusaidii sana: ukimwambia "linauma?" atasema haliumi, maana anajua jibu jingine linaishia kwenye kiti gani.

Wa pili ni wenzangu wanaotaka kuokoa kila gego kwa gharama yoyote. Gego lililozibwa upya mara kwa mara tangu miaka saba litafika ishirini likiwa hoi. Wakati mwingine kung'oa ndiyo tiba bora, ila kwa wakati wake. Gego la pili la kudumu, lile la miaka 12, linajengwa ndani ya mfupa nyuma ya hili. Ukiling'oa la kwanza mtoto akiwa na miaka minane hadi kumi, hasa eksirei inapoonyesha mizizi ya la pili ndiyo inaanza kugawanyika, la pili linaweza kusogea mbele na kukaa mahali pake. Ukichelewa, linainama, linaacha mwanya wa kunasa nyama. Ukiwahi mno, jirani wa mbele naye hutangatanga.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Ukweli ni kwamba taya la juu husamehe sana. La chini lina mambo yake. Nimeona mwanya ukibaki baada ya kung'oa kwa wakati muafaka kabisa, na nimeona ukifunga vizuri kwa mtoto aliyechelewa. Siku hizi simwahidi mzazi kwamba mwanya utafunga. Namwonyesha eksirei, namweleza naelekea wapi na kwa nini. Na kung'oa gego zima la upande wa pili ili "kusawazisha" mdomo, mimi sifanyi kwa mazoea.

Antibayotiki hazizibi tundu. Karafuu hutuliza, haitibu. Shavu likivimba, au mtoto ana homa na hawezi kufungua mdomo vizuri, usingoje Jumatatu.

Yule binti kiini kilikuwa hai. Baba aliuliza kama kofia ya chuma haitamtia aibu. Kwa watoto ninaowaona ni kinyume: wanapanua mdomo wenzao waione. Wanaolalamika ni akina bibi. Ila kofia hiyo si ya maisha. Mtoto atakapokua tutapima upya, ama abadilishiwe, ama jino litoke. Kwa sasa arudi baada ya miezi sita kwa eksirei, nione kama mizizi inaendelea kujengeka.