Je, wajua kwa nini mita inasoma volti 12 na pampu ya boti bado haizunguki?

Boti ndogo ya faiba imefungwa Raskazone, Tanga. Maji yametuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, swichi imewashwa, pampu kimya. Waya unachomolewa kwenye pampu na kupimwa kwa mita: volti 12.6. Hukumu inatoka papo hapo kwamba betri ni nzima, waya ni mzima, pampu imekufa. Inanunuliwa mpya, inafungwa, nayo kimya.

Kosa hili linamnasa hata anayejua umeme, kwa sababu mita haikudanganya. Volti 12.6 zilikuwepo kweli, ila zilipimwa pampu ikiwa imechomolewa, wakati hakuna umeme unaopita. Ni sawa na bomba linaloshuka kutoka tangi la juu ya paa, limezibwa na tope likabaki tundu la sindano. Ukifunga koki, msukumo wa maji kwenye koki ni uleule wa bomba safi. Fungua sasa ujaze ndoo: yanatoka matone. Tope lilikuwepo muda wote, lakini maji yasiposafiri halina cha kuzuia.

Kwenye boti, tope hilo ni unga wa kijani ndani ya kiungo cha waya. Tuseme pampu ina ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme, kinachopimwa kwa omu) wa omu 3, na kiungo kilichooza nacho kina omu 3. Mita ya kidijitali kwa kawaida ina omu milioni 10, kwa hiyo ikipima kupitia kiungo hicho inapoteza kiasi kisichofika hata sehemu moja ya milioni ya volti 12. Haioni kitu. Unganisha pampu, na mgawo unabadilika: volti 6 zinabaki kwenye kiungo, 6 zinafika kwenye pampu. Badala ya ampea 4 zinapita 2, na kiungo kinachemka kwa wati 12. (Hesabu hii imerahisishwa. Mota iliyokwama ina ukinzani mdogo zaidi, hivyo mgao wake huwa mbaya kuliko huo.)

Taa ya LED nayo hupotosha. Ikiwaka vizuri kwenye waya uleule, watu huapa kwamba waya hauna kasoro. Lakini taa inayokula ampea 0.1 inapoteza volti 0.3 tu kwenye kiungo kile. Kamba ya katani iliyooza ndani hubeba nguo za kuanika bila shida. Ipe nanga uone.

Kinachooza ni shaba. Maji ya chumvi hupanda ndani ya ganda la waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, na chumvi iliyokauka huvuta unyevu wa hewa usiku ikalowa tena. Kusokota waya na kuufunga tepu hakusaidii: tepu hutunza maji ndani vizuri kabisa.

Kwa hiyo pima kazi ikiendelea. Kwanza toa hewa ya petroli ndani ya boti, maana cheche moja inatosha. Kama ngama ni kavu mimina ndoo ya maji, kwani pampu hizi hupozwa na maji. Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), kamwe si kwenye ampea. Washa pampu. Ncha moja ibaki kwenye chanya cha betri, nyingine ipite hatua kwa hatua: baada ya fyuzi, baada ya swichi, baada ya kila kiungo, hadi kwenye pampu. Sasa unasoma volti zinazopotea njiani. Kiungo kizima hakili zaidi ya volti 0.1, panaporuka ghafla, ndipo penye ugonjwa. Kisha rudia kuanzia hasi ya betri hadi waya wa hasi wa pampu. Upande huu husahaulika, ingawa nao huoza vilevile. Njia zote mbili kwa pamoja zisizidi volti 0.36, yaani asilimia 3.

Pima pia betri yenyewe pampu ikiwa imewashwa. Ikiporomoka kutoka 12.6 hadi 10 kwa mzigo mdogo hivi, betri ndiyo mgonjwa.

Kiungo kibovu hakisuguliwi, kinakatwa. Menya ganda hadi shaba ing'are. Ikiwa nyeusi endelea kukata, hata ikifika shubiri. Ungia waya wenye shaba iliyopakwa bati, bana kiungo kwa koleo lake, vika mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, kisha ukifunge juu, mbali na ngama. Grisi inapakwa mwisho, kuzuia maji tu.

Ikiwa volti 12 zinafika pampu ikiwa imeunganishwa na kuwashwa, na bado haizunguki, hapo ndipo uilaumu. Ifungue kwanza: mara nyingi ni kipande cha mshipi wa kuvulia kilichojisokota kwenye pangaboi lake.